Utepe Kwenye Pembe ya Kioo

Benchi liko mbele ya duka la kutengeneza redio, chini ya upenu wa bati, upande wa barabara ambao jua haliufikii mpaka saa nne. Ubao wake umelika mahali panne. Wanaokaa hapo ni wazee wanne, na kwa miaka tisa hakuna aliyemhamisha mwenzake. Karibu na mlango anakaa Fundi, mwenye duka. Anafuata Ramani, aliyefundisha jiografia mpaka akastaafu. Wa tatu ni Barua, aliyesambaza barua za watu kwa miguu miaka thelathini na moja. Mwishoni kabisa anakaa Breki, dereva wa basi wa zamani, ambaye kila asubuhi huja na kahawa kwenye chupa na vikombe kwenye mfuko wa nailoni. Jumatatu hiyo mahali pa tatu palikuwa patupu. Breki alikuwa amebeba vikombe vinne kama kawaida yake. Alimimina vitatu, na cha nne akakiacha juu ya ubao, kimefudikizwa.

Barua alikuwa ameanguka Alhamisi, nyumbani kwake, akifunga vifungo vya shati. Jirani aliyeingia kumsalimu alimkuta sakafuni, macho wazi, vifungo viwili vimefungwa na vingine bado. Upande wa kulia haukuitika, na maneno yalikuwa yamekatika. Kiharusi, walisema hospitalini. Habari zaidi ya hapo kijiwe hakikuwa nazo, na kijiwe kisicho na habari hujitengenezea.

— Mimi nasema ni mkoba, Breki alianza.

— Mkoba gani tena? aliuliza Ramani.

— Mkoba wa barua. Miaka thelathini na moja, bega moja, la kushoto. Na moyo uko wapi? Kushoto. Basi ukilipakia upande mmoja, springi za upande huo ndizo zinazokwisha kwanza. Hilo halina haja ya daktari.

— Mbona kilichozimika ni kulia?

Breki akanywa kwanza.

— Likielemea kushoto sana, dereva anakata kulia ili alirudishe. Hapo ndipo linapopinduka. Nimeona mara mbili.

— Umeona au umesababisha?

— Mwalimu, leo si siku ya kuchokozana.

Ramani alikubali kwamba haikuwa siku yake, kisha akatoa nadharia ya kwake, kwa sauti ile ile aliyokuwa akifundishia mito na mabonde. Alisema mkoba hauna kosa, kosa ni kustaafu. Mtu ametembea kilomita kumi na tano kila siku, damu yake imezoea mwendo kama mto uliozoea mteremko. Siku moja unamkabidhi saa ya ukutani, unamwambia nenda kapumzike. Mto ukifika tambarare unafanya nini? Unatuama. Na maji yaliyotuama hufanya utando.

— Ndiyo maana wahenga walisema mwenda pole hajikwai, alimalizia.

— Sasa si yeye ndiye aliyekwenda pole akajikwaa?

— Nimesema walisema. Sijasema walipatia.

Fundi alikuwa na redio mapajani na bisibisi mkononi. Tangu afungue duka hakuwa amezungusha skrubu hata moja.

— Kuna jambo jingine, Breki alisema, akashusha sauti ingawa barabarani hapakuwa na wa kumsikia. Barua ngapi za misiba mtu yule amebeba? Enzi zile simu ilikuwa ya wakubwa. Mtu wako akifa mji wa mbali, anayekuja nayo ni Barua. Mimi ya mama yangu niliipokea mkononi mwake. Alinipa, akasimama pale pale mpaka nikamaliza kusoma. Sasa, msomaji analia, yanakwisha. Aliyebeba je? Kile kitu kinabaki kwenye mkono. Na mkono aliokuwa akitolea barua ni upi? Wa kulia. Na kilichozimika ni nini?

Ilikuwa nadharia ya ovyo kuliko zote zilizotolewa asubuhi hiyo, na ndiyo pekee iliyowanyamazisha.

— Mchovya asali hachovyi mara moja, Breki akaongeza.

— Hiyo nayo inaingilia wapi? Ramani aliuliza.

— Kwa kiharusi. Kikionja mtaa, kinarudi.

Ramani alitafuta pa kukimbilia, akaupata mnara wa simu uliosimikwa juu ya paa la ghala. Alisema tangu mnara ule uwepo, watu wa mtaa wao wanaanguka kama maembe mabichi kwenye upepo. Akawahesabu kwa vidole: mama mkwe wa fundi cherehani, mlinzi wa ghala lenyewe, mzee wa duka la vyuma, dada yake mkubwa yeye Ramani, na sasa Barua. Mkono mmoja ulijaa, akahamia wa pili, akakumbuka wengine wawili.

— Wote hao wamevuka sitini na tano, Fundi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema asubuhi hiyo.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo mnara hauchagui umri.

— Vijana damu yao ni nene, mawimbi yanateleza, Breki alieleza, kama mtu anayeeleza kwa nini usiku ni giza. Wewe mwenyewe mtu wa mawimbi unashindwaje kulijua hilo? Halafu leo umekuwa kimya kama maji ya mtungini. Hebu ilete basi ile mashine. Si Jumatatu leo?

Alipomaliza kusema aliona Ramani anamtazama, akainamia kikombe chake.

— Leo hatupimi, Fundi alisema.

Mashine ya presha ilikuwa dukani, kwenye rafu, katikati ya redio mbili zilizokuwa zikisubiri wenyewe. Mali ya Barua. Binti yake, karani wa bohari ya vitambaa, alimnunulia mwaka uliopita alipotimiza miaka sabini. Barua alikuwa mtu ambaye hawezi kukaa na kitu bila kukifikisha kwa watu, na wiki ile ile aliileta kijiweni. Tangu hapo kila Jumatatu wakawa wanapimana. Upande wa ndani wa mlango wa duka Ramani alichora safu nne kwa chaki, kila mtu na yake, tarehe pembeni, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Aliyepata namba kubwa ndiye aliyeosha vikombe. Breki aliosha vikombe karibu mwaka mzima, akasema mashine ina chuki na madereva.

Karatasi ya maelekezo waliikunja mara nne siku ya kwanza, wakaitia chini ya mguu wa benchi uliokuwa ukicheza.

Mwezi wa tatu, ilipofika zamu ya Barua, kwenye pembe ya juu ya kioo, kulia, kikatokea kimoyo kidogo chenye mstari uliokatika. Kiliwaka, kikazima, kikawaka tena. Walicheka. Breki alisema mashine imempenda. Jumatatu iliyofuata kikatokea tena kwa Barua, na aliyepima baada yake alikuwa Fundi. Kikawaka na kwake. Kwa Ramani hakikutokea. Kwa Breki hakikutokea, na Breki akalalamika kwamba hata mapenzi anabaguliwa.

Barua hakucheka mara ya pili. Alisema labda amuulize binti yake.

Hapo ndipo Ramani alipopiga hesabu. Kama kile kimoyo ni ugonjwa, alisema, basi umewapata wawili kati ya wanne. Ugonjwa wa kupata wawili kati ya wanne ungekuwa umejaza nusu ya wazee wa mji, na redio ingetangaza asubuhi na jioni. Haijatangaza. Kinachokosea nusu ya mara ni chombo, si watu. Hesabu ilieleweka, na aliyeipiga alikuwa mwalimu. Juu ya safu zake akaandika HITILAFU YA MASHINE, na kila kimoyo kilipowaka, kuanzia kile cha kwanza, akaweka alama ya msalaba mdogo kando ya namba, ili Fundi ajue ubovu unatokea mara ngapi.

— Usimtie mtoto wasiwasi, Fundi alimwambia Barua siku hiyo. Hii daktari wake ni mimi.

Jumatatu ya tano, kimoyo kikiwa bado kinawaka, aliifungua mchana. Alisafisha sehemu za betri, akatia betri mpya, akakagua mpira wa hewa kwa kuuzamisha kwenye beseni la maji. Haukuvuja. Akajipima peke yake, mlango umerudishwa. Kimoyo kikawaka.

Fundi ametengeneza redio miaka thelathini na minane. Redio ikikoroma kwenye kila stesheni, ubovu uko kwenye redio. Ikikoroma kwenye stesheni moja na nyingine zikasikika safi, redio ni nzima, na mbovu ni stesheni. Hilo humfundisha kila anayekuja kujifunza kazi kwake, siku ya kwanza, kabla hajamshikisha bisibisi. Alilijua siku ile akiwa amekaa na mkanda mkononi. Alijua pia kwamba miezi kadhaa sasa, akipanda ngazi kufunga antena, kwenye kidato cha tatu kitu kifuani kinakosa hatua, kinakimbia kuifuata, kinakosa tena. Mke wake alikuwa amemuuliza mara mbili kwa nini siku hizi anasimama katikati ya ngazi za nyumba akiwa na ndoo. Alimwambia ni goti.

Mashine ikiwa mgonjwa, yeye ni mzima. Alikata kipande cha utepe mweusi wa kufungia nyaya, mraba wa ukubwa wa ukucha, akakibandika kwenye pembe ya kioo. Namba zilionekana zote vizuri.

— Imepona, aliwaambia Jumatatu iliyofuata.

Barua aliugusa utepe kwa kidole, akamtazama Fundi. Kisha akakunja mkono wa shati na kutoa mkono upimwe, kama mtu anayesaini kupokea kifurushi.

Binti wa Barua alikuja saa nne kasoro, akitokea upande wa hospitali, na kikapu chenye shuka na chupa ya uji. Alikuwa amevaa koti la kazi la bohari.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ameamkaje?

Alisema ameamka. Breki akageuza kikombe cha nne, akammiminia, na kikajaa nusu tu. Ramani alimsogezea nafasi, lakini nafasi iliyokuwapo ilikuwa ile ya baba yake, naye aliitazama, akasema atasimama, amekaa sana wodini.

Hawakulazimika kumuuliza. Alieleza kwa utaratibu, kitu baada ya kitu, kama anayekabidhi bidhaa. Haikuwa presha. Ni moyo. Daktari alimchorea kwenye karatasi: moyo una vyumba vya juu na vya chini, na kwa baba yake vya juu haviminyi sawasawa, vinatetemeka tu, kwa hiyo mapigo yanakuja bila mpangilio. Damu isiposukumwa vizuri inatuama kwenye kona, na ikituama inaganda. Kibonge kimoja kikachomoka, kikapanda kichwani, kikaziba.

Ramani, aliyekuwa amesema kutuama nusu saa iliyopita, hakuonyesha kufurahi.

— Ni ugonjwa wa watu wachache? aliuliza.

— Hapana, baba. Ndilo lililonishangaza. Wodini wako wanaume kumi na wawili wenye kiharusi, na wanne wana moyo wa hivyo. Na hao ni walioanguka. Daktari anasema mitaani wamejaa, na wengi hawajijui, kwa sababu wengine hawaumwi popote. Chini ya miaka sitini ni wachache. Kadiri umri unavyopanda nao wanapanda. Ukifika themanini, ni kama mmoja kati ya kumi.

— Mmoja kati ya kumi, Ramani alirudia.

— Anasema zamani wengi walikuwa hawafiki umri huo. Sasa wanafika, na mioyo inachoka nao. Kila mwaka wodi inapokea zaidi.

Midomo ya Ramani ilikuwa ikicheza kidogo, kama anayehesabu. Kwenye benchi la wazee wanne tu, mmoja kati ya kumi anaweza asiwepo kabisa, na wanaweza kutokea wawili. 

— Na dawa? Breki aliuliza. Dawa ipo?

— Ipo. Vidonge vya kuzuia damu isigande. Si kwamba mtu akivimeza haanguki kabisa, lakini wengi vinawakinga. Alivuta pumzi. Angekuwa ameanza mapema, pengine asubuhi hii angekuwa hapa anabishana na nyinyi.

Gari la takataka likapita likinguruma. Lilipokwisha kupita, binti aliendelea, na safari hii alikuwa akimwambia Fundi.

— Daktari aliniuliza kama nyumbani alikuwa anapima presha. Nikasema ana mashine. Akaniuliza mashine haikuonyesha kitu chochote, maana nyingi za siku hizi zikikuta mapigo hayana mpangilio zinatoa alama. Nikamwambia baba hapimi peke yake, anapima kila Jumatatu na wenzake watatu, na mmoja ni fundi. Kungekuwa na kitu, wangeona.

Fundi aliweka bisibisi chini. Ilibingirika, Ramani akaizuia kwa kiganja kabla haijaanguka.

— Sasa kuna kitu kimoja kinanisumbua, binti alisema. Hawezi kusema, lakini mkono wa kushoto unafanya kazi. Kila anachopewa anakigusa pembe. Sahani, karatasi, simu yangu. Pembe ya juu, upande huu, wa kulia. Anaigusa, ananitazama, anaigusa tena. Manesi wanasema akili imechanganyika. Nyinyi mmekaa naye miaka. Anataka nini?

Breki alisema wagonjwa hufanya mengi. Ramani alisema ubongo una ramani yake na mto mmoja ukizibwa mingine hupotea njia. Walisema haraka, mmoja juu ya mwingine, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Binti alingoja waishe. Akasema amekuja kuchukua mashine. Baba akiruhusiwa atatakiwa kupimwa asubuhi na jioni, na yeye hajawahi kuitumia.

Fundi aliingia ndani. Alikaa huko zaidi ya muda unaohitajika kushusha kitu kwenye rafu. Kucha yake ilishafika kwenye ukingo wa utepe, na utepe ulishaanza kuachia. Kuubandua ni kazi ya kupepesa jicho. Angetoka na mashine safi, akamkabidhi, na hakuna ambaye angejua ulikuwapo, ila wazee wawili ambao wasingesema, na mmoja ambaye asingeweza. Akaukandamiza urudi mahali pake, akatoka nayo hivyo hivyo.

— Karatasi ya maelekezo iko wapi? binti aliuliza.

Breki alitazama mguu wa benchi, akasogeza kiatu chake mbele yake.

— Basi nionyesheni tu.

— Kaa, Fundi alisema. Nitakuonyesha kwa mkono wangu.

Alikunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akajifunga mkanda, akamwonyesha bomba linakokaa, akamwambia bonyeza hapa. Binti alikaa mahali pa baba yake bila kujua kwamba amekaa, mashine ikiwa juu ya magoti yake. Mkanda ulivimba, ukabana, ukaanza kulegea. Namba zikaja.

— Hapa pamevunjika? aliuliza. Kucha yake ilikuwa kwenye utepe.

Pembe ya utepe ikaachia. Akaubandua.

Chini yake kioo kilikuwa safi kuliko sehemu nyingine zote, mraba wa ukubwa wa ukucha, na ndani ya mraba kimoyo kilikuwa kinawaka na kuzima. Binti alikitazama. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, taratibu, akagusa pembe ile kwa ncha ya kidole, akaondoa kidole, akagusa tena.

— Hii ilianza lini?

Ramani alikuwa akitazama barabara. Breki alikuwa akitazama kahawa iliyobaki kikombeni mwake.

Fundi alinyanyuka, bomba likamvuta, akasimama likiwa limemfunga kwenye mashine iliyokuwa magotini mwa binti. Kwa mkono wa pili akaushika mlango wa duka, uliokuwa umelala wazi ukutani, akauvuta mpaka upande wa ndani ukageukia benchi.

Binti alisoma kama karani, kidole kikishuka safu baada ya safu. Kwenye safu ya baba yake kidole kilisimama kwenye msalaba wa kwanza, mwezi wa tatu. Kikashuka. Misalaba mitano, wiki tano mfululizo. Chini ya hapo namba ziliendelea mpaka Jumatatu iliyopita, na misalaba haikuwapo tena.

— Hapa ndipo ilipopona?

— Hapo ndipo nilipobandika, Fundi alisema.

— Baba aliiona?

— Aliiona. Alitaka kukuuliza. Mimi ndiye niliyemkataza.

— Hesabu ilikuwa yangu, Ramani alisema. Naye alikuwa amesimama, na kiganja kilikuwa kimeshafika mlangoni kwenye maandishi makubwa ya juu.

— Usifute, baba. Daktari ataihitaji.

Hakupaza sauti. Ramani alishusha mkono, na chaki ilikuwa imemshika kwenye vidole. Binti alitoa simu akapiga picha mlango mzima, mara mbili, akahakikisha namba zinasomeka. Halafu akamgeukia Fundi, akambandua mkanda mkononi, akaukunja, akaupanga kikapuni juu ya shuka pamoja na mashine. Kazi hiyo aliifanya bila kumtazama usoni. Alipomaliza aliutazama mlango tena, safu ya kwanza sasa, ile ya karibu na bawaba. Misalaba minne.

Breki aliinamisha chupa juu ya kikombe cha binti, ili tu mkono uwe na la kufanya. Ilitoka tone, na tope la chini.

— Na hii ya kwako, baba, binti aliuliza. Mama anajua?

Alikuwa ameshaweka kikapu begani, na hakuondoka. Fundi alishusha mkono wa shati, akaanza kukifunga kifungo. Kilimteleza. Akakitafuta tena, na wote watatu walikuwa wakitazama vidole vyake.